Pembe ya Mama Feza

Nyumbani kwangu hapa Ujiji hakuna asiyeijua hadithi ya pembe. Wanangu waliikariri kabla hawajajua kusoma, wakwe zangu walisimuliwa siku ya kwanza walipokuja kujitambulisha, na majirani wakiniona nimekaa barazani huniambia, "Mzee Ramadhani, hebu tupe ile ya Kongo." Nami huwapa. Naisimulia vizuri, sioni haya kusema hivyo. Namwigiza luteni, namwigiza Mama Feza, nainamisha kichwa na kuwaonyesha kovu la katikati ya paji la uso, vile vistari vitatu na kile kidoa kidogo pembeni, na watu hucheka pale pale ninapotaka wacheke. Kisha wiki iliyopita akashuka bandarini Kigoma mwanamke mmoja mwenye furushi la kitenge, akauliza huku na huku hadi akafika mlangoni kwangu. Alisema yeye ni Sifa, mjukuu wa Mama Feza wa Kalemie, na kwamba bibi yake amefariki. Alifungua furushi juu ya mkeka, na ndani ilikuwamo pembe. Nilipoishika, kidole changu kilikwenda chenyewe kwenye ukingo wake uliomeguka. Sifa alikuwa ametumwa pia na swali moja. Alipoliuliza nilijifanya nimepaliwa na chai, nikamwomba anipe hadi kesho. Ameshanipa kesho tano, na bado yupo, anamsaidia mke wangu kuchambua mchele.

Wakati wa mambo haya, mwaka 1964, nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na nilijua kazi moja tu, kalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao za boti kwa pamba iliyosokotwa na lami ya moto. Mgiriki mmoja mwenye boti za mizigo alinivusha ziwa kunipeleka Kalemie, ambayo kwenye makaratasi bado iliitwa Albertville, nikapanga chumba kwa Mama Feza mtaa wa Kataki. Fundi wa kalafati ana ugonjwa wa macho: kila kitu anakitazama akitafuta mahali maji yatakapopenyea. Chumba kile kilikuwa na upenyo kila mahali. Mlango ulipungua sentimita mbili chini, dirisha lilikuwa kipande cha sanduku la sabuni, na bati lilikuwa na matundu ya misumari yaliyomwaga nukta za jua kitandani kwangu. Lakini kwa upande wa pili wa ukuta kulikuwa na jiko la Mama Feza, na harufu ya ndagala, yaani dagaa, zikikaangwa kwa mawese ilipita katika nyufa zile zile, kwa hiyo sikuziziba. Mama Feza alikuwa mjane wa miaka arobaini hivi, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kukemea hata anaposalimia. Aliponiwekea bukari, ambao sisi huku tunauita ugali, alisimama juu yangu mikono kiunoni mpaka niumalize. "Kula. Muntu mwembamba hivi, Mgiriki atazania tunakunyima." Riziki yake ilikuwa kupiga chuku. Mtu mwenye kichwa kinachogonga alikuja akaketi kwenye kigoda, Mama Feza akamchanja vistari vitatu kwa wembe, akabandika pembe juu yake, akafyonza hewa kwa tundu la nchani na kuliziba kwa nta. Pembe ikabaki imeng'ang'ania pajini ikivuta damu chafu. Akimaliza alipaka masizi ya chungu ili kidonda kifunge. Pembe yake ilikuwa ya ng'ombe, na ukingoni ilikuwa imemeguka. Pale ilipomeguka palikuwa na jino kali lililomchoma kila mtu.

Katikati ya mwaka waasi waliingia mjini, Mgiriki akakimbia, boti zikakamatwa, na mimi nikabaki ng'ambo ya ziwa kama mzigo uliosahauliwa gatini. Waasi walikuwa na dawa yao. Kila aliyejiunga nao alichanjwa katikati ya paji la uso na kupakwa unga mweusi, wakiamini kwamba risasi ikimfikia itageuka maji. Mimi sikujiunga na yeyote. Walinipa boti zao niwazibie, nikaziba, kwa sababu aliyekataa kazi alipigwa. Wiki kadhaa nilishinda juu ya pipa la lami, na moshi ule ukanipandisha maumivu ya kichwa hata nikawa natapika. Mama Feza aliniketisha kwenye kigoda. "Kuya hapa, nikutie pembe."

"Hiyo pembe yako inauma, Mama."

"Iache iume. Iliuma katekista, iliuma na shefu wa gare, weye njo nani isikuume?"

Ilinichoma kama ilivyomchoma huyo mkuu wa stesheni, nikapiga kelele, akanicheka. Nilipona siku ile ile. Wala yeye wala mimi hatukufikiri jambo lolote. Kila mtu wa Kalemie alijua alama ya muasi na kila mtu alijua alama ya chuku. Alama ya muasi ilikuwa na mwenyewe aliyejulikana, na ya chuku ilikuwa na Mama Feza. Haikutupitia akilini kwamba atakuja mtu wa mbali asiyejua tofauti.

Walikuja wiki mbili baadaye, askari wa serikali, wengi wao wakisema Kilingala tu. Walipanga mapipa barabarani, wakaita barieri, na kila mwanamume aliyefika hapo aliambiwa avue kofia. Mimi nilikuwa nimevaa kofia ya kiua ya kwetu. Nilipoivua, askari aliniita kwa kidole, akanibinya pajini kama anayepima kama papai limeiva. Aliyejua Kiswahili miongoni mwao, koplo mmoja waliyemwita Kaporo, aliuliza natoka wapi. Nilisema Kigoma, tena kwa haraka, nikidhani ugeni wangu ndio salama yangu.

"Kigoma!" alisema Kaporo. "Njo kule silaha zao zinatokea. Weye uko muasi mara mbili."

Kofia yangu ilibaki juu ya pipa. Huwa nalifikiria pipa lile. Ningesema Ujiji labda asingejua ni wapi, ningesema Zongwe, kijiji cha wavuvi kusini, labda angenipungia mkono nipite. Huo ndio upuuzi unaomkaa mtu kichwani kwa miaka.

Hawakutupeleka gereza lolote lenye jina. Karibu na reli kulikuwa na ghala la pamba ambalo mwenyewe alikuwa ametoroka, wakalifanya gereza. Kuta za matofali, paa la bati, milango miwili ya chuma, na humo ndani watu waliokaa magoti yakigusa migongo ya wenzao. Hapakuwa na dirisha. Palikuwa na pipa moja la maji na pipa moja la haja, na baada ya juma moja ilikuwa vigumu kuamini kwamba maji yalitoka katika pipa lililo tofauti. Mchana bati lilichemka mpaka watu wakalamba matofali. Asubuhi walituita nje mmoja mmoja kwa kiboko. Mimi waliniuliza majina ya watu wa Kigoma wanaoleta bunduki, na kwa kuwa sikuyajua, niliwapa ya kwanza yaliyonijia, ya jamaa waliokwisha kufa. Wakanipiga kwa kusema polepole, kisha wakanipiga kwa kusema haraka. Mgongo wangu hadi leo haulali kwenye kitanda cha kamba. Nasema haya kwa mkato kwa sababu barazani huwa nayaruka kabisa. Mtu akipigwa hajifunzi lolote, wala hawi shujaa. Anachokijua ni kwamba kesho ipo, na anaiogopa.

Mahali niliposukumwa kukaa, jirani yangu alikuwa mwanamume wa makamo aliyevaa shati la karani, limechanika lakini vifungo vyote vimefungwa hadi shingoni. Aliitwa Ilunga. Alikuwa karani wa reli, mtu wa Ankoro, kule mtoni Luvua. Papa Ilunga alikuwa na saa kichwani. Injini ikipiga honi mbali alisema, "Ile inapanga mabehewa tu," na kukiwa kimya alisema, "Saa hii ya Kabalo ingekuwa inaingia," ingawa treni ya Kabalo ilikuwa haijaingia tangu vita. Siku ya tatu tumbo lilinikata nikawa siwezi kufika kwenye pipa. Wengine walinitukana, na walikuwa na haki. Yeye alinisafisha kwa mikono yake na fungu lake la maji. Alinifundisha kuitika kwa Kilingala asubuhi wanapoita majina, "Nazali," nipo, kwa sababu aliyechelewa kuitika aliitwa nje. "Weye uko mugeni," alisema. "Mugeni anakufa kwa kukosa kusikia."

Mama Feza alileta chakula kila siku. Tulimsikia nje akigombana na walinzi kwa sauti ile ile aliyonigombezea mimi. Walikula ndagala, wakaniingizia bukari mtupu kwenye sahani yake ya bati yenye ua la buluu. Sahani moja, watu wawili. Ukutani, katika nafasi za matofali, pamba ya zamani ilikuwa imeshika, nami kazi yangu ni pamba. Niliichokoa kwa ukucha, nikaisokota juu ya paja, nikapata uzi. Papa Ilunga aliushika kwa mikono miwili akakata bukari katikati kama wanavyokata sabuni. "Anayekata hachagui," alisema. "Kwetu Ankoro njo vile tunagawa samaki ndani ya mutumbwi. Mumoja anakata, mwenziwe anachagua wa kwanza." Kesho yake nilikata mimi, akachagua yeye. Nilikuwa nikimtazama anavyochagua. Kila mara alichukua kipande kidogo, na kila mara alikipima kwanza kwa macho, kana kwamba ameng'amua kwamba ndicho kikubwa.

Ghala lilipojaa lilikuja kamio, lori la jeshi. Nilijua hivyo kwa kumsikiliza Kaporo, maana jiko la walinzi lilikuwa nyuma ya ukuta wetu. Asubuhi moja alikuwa akisema na mpishi.

"Ghala imejaa?" mpishi aliuliza.

"Imejaa. Kamio inakuya sasa hivi."

"Basi niweke maharagi kwa moto?"

"Weka. Tutakula tukirudi."

"Munaenda mbali?"

"Mbali wapi. Mpaka mutoni tu."

Milango ilifunguliwa, karatasi ya majina ikasomwa kuanzia juu hadi lori likajaa, likaondoka. Tuliobaki tulikuwa na nafasi ya kunyoosha miguu, na Mungu anisamehe, nilinyoosha. Kamio lilirudi tupu, na tulimsikia mpishi akilalamika kwamba maharagwe hayajaiva.

Karatasi ile aliiandika Papa Ilunga. Kaporo hakujua kuandika, na mwandiko wa karani wa reli ulikuwa mzuri. Aliamriwa kuorodhesha watu wote waliomo, na hakuna aliyemwambia aanze na nani. Basi juu kabisa aliandika wale walioshindwa kusimama, wenye homa ya kuweweseka, wasiofika juma lijalo. Mimi aliniandika wa mwisho, na juu yangu akajiandika mwenyewe. Nilimuuliza kama anaweza kulala. Alisema, "Silale. Naandika." Lori lilikuja mara tatu kwa majuma niliyokaa humo, na mara tatu lilijaa kabla ya kutufikia.

Yeye pia alikuwa na chale pajini, tatu, nyeusi. Aliniambia ukweli wake siku moja mdomo ukiwa sikioni kwangu. Waasi walifika stesheni wakauliza nani anaandika karatasi za treni. Alipojitaja walimpa njia mbili, wembe au risasi. "Nilichagua wembe. Niko na watoto. Siku ile hata sikuwaza kama ni kosa, niliwaza tu isiende ndani sana." Kisha akauliza jinsi chuku inavyopigwa, akauliza kila hatua, na nikamweleza. Alikuwa ameamua kwamba akiulizwa atasema ni pembe. Karibu sote humo tulisema ni pembe. Walikuwamo waliosema ni ndui.

Nje, Mama Feza alikuwa hachoki. Kila siku alinidai kwa luteni wao, kijana mwembamba aliyetoka mbali na ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, na kila siku alifukuzwa. Alasiri moja nilitolewa nje nikadhani ni kiboko. Nikamkuta luteni ameketi kwenye kiti cha ghala, na Mama Feza amesimama mbele yake na pembe mkononi.

"Huyu haiko muasi, komanda. Njo miye nilimutia pembe."

"Bote banasema pembe," alisema luteni.

"Pembe yangu inauma. Tazama pembeni ya zile chale, kuko alama kadogo. Lile njo jino lake. Bantu wote nimetia pembe wako nalo."

Luteni alinitazama, akatazama pembe. "Inawezekana ni ukucha. Inawezekana ni upele."

"Basi nikutie weye. Utaona siku ya tatu."

Walinzi walicheka, hata luteni alitabasamu. "Mama, unataka askari wangu banipige risasi? Muntu mwenye ile alama kwa uso hapite barieri."

Hapo ndipo barazani watu hushika mbavu, kwa sababu namwigiza Mama Feza anavyoketi chini, anavyovua kitambaa, anavyotoa wembe kwenye nywele. Alijichanja mwenyewe, mbele ya luteni, bila kioo, akabandika pembe akamwambia Kaporo afyonze, na Kaporo kwa kuduwaa akafyonza. Pembe ilipong'oka jino lilikuwa limemtoboa. Akaomba masizi ya jiko la walinzi akajipaka. "Nitakuya kila siku," alisema. "Utatazama ikipona." Luteni alimwinulia kidole. "Nitatazama. Lakini ukisema uongo mumoja tu, Mama, hata kidogo, yote itakuwa uongo. Yako na yake."

Watu wakicheka huwa siwaambii kwamba aliposimama kwenda zake alikuwa mwanamke mwenye alama ya muasi usoni, na kati ya ghala na Kataki kulikuwa na barieri mbili. Siku ya pili, nilikuja kuambiwa, alikuja akichechemea. Siku ya nne jicho moja lilikuwa limefumba. Alijifunga kitambaa, wakakivua, wakampiga, akajifunga tena. Lakini bukari ulifika siku zote, na siku zote nilisikia sauti yake, ingawa haikuwa na nguvu ile. Papa Ilunga aliisikiliza kwa makini zaidi yangu. "Akikutoa weye," aliniambia, "utamuambia aniangalie na miye?" Nikamwambia ndiyo, nitamwambia. Nilikuwa nasema kweli. Sijawahi kusema kweli zaidi ya siku ile.

Siku ya kumi waliita jina langu, nikaitika "Nazali." Wakaamuru na watu wengine wa upande wetu wasimame, "Telema!", tukapangwa mbele ya mlango, Papa Ilunga kushoto kwangu. Luteni alimshika Mama Feza kidevu akakitazama kidonda kilichopona, kisha akanitazama mimi. Alibandika pembe pajini pake, akabandika pangu. Jino likaingia katika kidoa chake, likaingia katika changu. Alirudia mara mbili. Alikuwa mtu mwangalifu, namkubalia hilo. "Ni kweli," alisema. "Huyu ni pembe." Nilikuwa nimetoka. Roho yangu ilishatangulia, ilikuwa imeshapita barieri ya kwanza, mwili tu ndio uliobaki pale.

Lakini luteni sasa alikuwa amejifunza kitu, na mtu aliyejifunza kitu anapenda kukitumia. Aliichukua pembe akaiweka pajini pa Papa Ilunga. Jino halikupata mahali pa kuingia. Ngozi ilikuwa safi. "Hakuna," alisema, akampita wa pili, wa tatu, "hakuna, hakuna," na nikaelewa pole pole kwamba kipimo kilichonitoa mimi kilikuwa kinawafunga wote waliobaki. Alirudi kwa Papa Ilunga. "Weye ulisema pembe."

"Nilisema, komanda."

Luteni akanigeukia. Hakuniuliza kama ni pembe. Laiti angeniuliza hivyo, ningejipa udhuru kwamba niliogopa kusema uongo, kwa vile uongo mmoja ungetuzamisha sote, mimi na Mama Feza na jicho lake lililofumba. Aliuliza jambo jepesi kabisa. Alimwonyesha kwa pembe akasema, "Huyu, unamujua?"

Kweli ilikuwapo mdomoni. Namjua, ni karani wa reli, walimchanja kwa nguvu, ana watoto. Labda isingesaidia. Labda luteni angecheka. Nimekaa na hizo labda miaka hii yote na hazinilishi. Nilisikia mlango wa nje ukigongwa na upepo wa ziwa, wazi, hatua sita au saba kutoka nilipo, na nikasema, "Simjui."

Mama Feza alinitazama. Papa Ilunga hakunitazama. Alikuwa anajifunga kifungo cha shingo ambacho kilikuwa kimefungwa tayari. "Njo vile, komanda," alisema kwa sauti ya karani anayethibitisha mzigo. "Hatujuane. Nilimukuta humu, hatusemeshane." Alisema hivyo ili luteni asinitilie shaka. Hata hapo alichagua kipande kidogo.

Waliniachia, nikakaa chumbani kwa Mama Feza nikiwa nimejifungia, maana sikuwa na nguvu ya kusimama wala njia ya kuvuka ziwa. Nukta za jua zilikuwa kitandani kama zamani. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, Mama Feza alikuwa ameweka maharagwe jikoni, na kwenye nyufa za ukuta harufu yake ilianza kunijia, mara nikasikia kamio likipita barabara ya mtoni. Sikuuliza nani ameandika karatasi ya siku hiyo, wala jina la nani liko juu. Nililala nikanusa maharagwe. Kamio lilirudi likirukaruka kwa wepesi kwenye mashimo, likiwa tupu, na maharagwe yalikuwa bado magumu. Yalipoiva Mama Feza aliniletea kwenye sahani ya ua la buluu, nikala. Nilikula yote. Hiyo pia siisimulii barazani.

"Yule alikuwa pembeni yako," aliniuliza nikiwa natafuna, "njo nani?"

"Simjui, Mama."

Hakuuliza tena, na miezi iliyobaki, mpaka nilipopata boti ya kunivusha mwaka uliofuata, hakunikemea hata mara moja. Aliniwekea chakula akaenda zake. Nilidhani ni kwa sababu ya vipigo vya barieri. Nilipanda boti nikaagana naye kwa machozi, nikafika kwetu nikiwa mifupa, na watu walipouliza nimetokaje nikawaambia juu ya pembe. Wakacheka. Nilishangaa kwamba wanacheka, kisha nikashukuru, kisha nikazoea. Kumbe nilikuwa nikifanya kazi yangu ya siku zote, nikiziba. Kila nilipoisimulia niliongeza pamba kidogo, na haikuvuja.

Leo asubuhi, kesho ya tano, Sifa aliacha mchele akaja kuketi mbele yangu. Hakuwa na hasira. Ana uso mpana wa bibi yake, ambaye humwita Nkambo, bila ile sauti. "Papa, boti yangu inarudi leo," alisema. "Nkambo alinituma, siwezi kurudi bule. Alisema sahani yake ilikuwa inarudi na uzi wa pamba ndani, kila siku. Muntu mumoja hakate bukari na uzi. Alijua mulikuwa wawili. Miaka yote kwa misa alimuombea, lakini hakukuwa na jina, alikuwa anasema tu 'yule wa sahani.' Alisema Mungu atakuwa amechoka kutafuta. Yule muntu aliitwa nani?"

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na ungo. Ameisikia hadithi ya pembe kuliko mtu yeyote duniani, na hakuna sahani ndani yake, wala uzi, wala mtu wa pili. Nilimwona akingoja nicheke.

"Ilunga," nikasema. "Karani wa reli. Mtu wa Ankoro."

Sifa aliliandika nyuma ya tiketi ya boti, taratibu, akanionyesha kama limeandikwa sawa. Nikasema ni sawa. Mwandiko wake haukuwa mzuri kama wa mwenye jina. Aliikunja tiketi, kisha akauliza tena, kwa upole tu, kama anayetaka kujaza nafasi iliyobaki kwenye karatasi.

"Papa, ulimujua?"

Hapakuwa na bunduki safari hii. Hapakuwa na mlango wa kuukimbilia, na aliyestahili kulisikia jibu hakuwapo kushoto kwangu.

"Namjua," nikasema. "Walimchanja kwa nguvu. Alikuwa na watoto."